Punia: Foto ni masomo, lakini mzazi aulize vizuri kabla ya kuuza kiwanja

Siku ile matokeo ya Exetat yalipotangazwa, nyumba moja ya kupanga nyuma ya soko la Punia ilijaa watu. Binti wa familia iliyokimbia vita kutoka upande wa Walikale alikuwa amepata diploma yake ya serkali. Wenzake walimmwagia podra kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, mama wa jirani akaleta sombe na ndizi, na simu yenye ujumbe wa matokeo ikapita mkono kwa mkono. Kesho yake mjomba, ambaye anamlea tangu mama yake afariki, alimwita mbele ya wazee wawili wa familia akamuuliza anataka kusoma nini. Binti akajibu bila kutazama chini: anataka kusoma filamu na foto.

"Foto njo masomo gani hiyo?" mjomba aliuliza. "Si unabonyeza tu?"

Wazee walicheka. Binti hakucheka.

Mjomba si mtu mbaya. Huko walikotoka alikuwa na shamba la muhogo, migomba na mbuzi. Hapa Punia anabeba mizigo sokoni na siku nyingine anashinda kwenye shimo la kasiterite ambalo si lake. Kwa mtu wa namna hiyo unive ina majina machache: udaktari, sheria, ualimu, uuguzi. Ni kazi ambazo jirani akizisikia anaelewa, na hata kama serkali inachelewa kulipa, jina la mtu liko kwenye orodha mahali fulani. Foto anayoijua yeye ni ile ya kijana aliyetundika kitambaa cheupe ukutani na kuweka kiti cha plastiki, anapiga foto nne za pasipoti, anazikata kwa mkasi na kusubiri mteja mwingine mpaka jua linazama. Na kijana huyo, ukweli usemwe, hana pesa za kumzidi mjomba.

Kwa hiyo swali la mjomba lilikuwa la haki. Kicheko ndicho kilichokosea.

Wakaaji wa Punia wanajua redio. Wanajua tofauti kati ya mtu aliyerekodiwa akiwa mbali na maikrofoni, upepo ukipiga na jenereta ikinguruma, na mtu ambaye sauti yake inaingia ndani ya nyumba kama vile ameketi mezani. Maneno ni yale yale, lakini ya kwanza mtu anazima, ya pili anaita watoto waje kusikiliza. Tofauti hiyo haitoki kwenye kifaa peke yake. Kuna mtu aliyejifunza wapi pa kusimama, lini pa kunyamaza, kipi cha kukata. Foto na filamu ni hivyo hivyo. Mwanafunzi anajifunza mwanga kwanza: kwa nini saa sita mchana chini ya jua la Maniema uso wa mtu mweusi unageuka kivuli kitupu, na kwa nini karibu na dirisha uso ule ule unaonekana mpaka mkunjo wa kicho. Anajifunza kuchukua sauti. Anajifunza montaji, yaani kukaa siku nyingi mbele ya kompyuta akitafuta katika saa 40 za picha dakika 20 zinazosema jambo. Anajifunza kuandika hadithi kabla ya kuwasha kamera, kuhesabu gharama, kutafuta pesa, kuweka saini kwenye mkataba bila kudanganywa. Anajifunza pia sheria, kwa sababu mwenye kamera asiyejua wapi hairuhusiwi kupiga askari, daraja au uwanja wa ndege analala mahabusu usiku wa kwanza.

Kubonyeza ni sekunde moja. Kilichobaki ndicho kinachosomwa.

Mfano mzuri hauko mbali. Uko Kisangani, mji ambao vijana wengi wa Punia wanaufika kwa njia ya Lubutu. Hapo alizaliwa mwaka 1984 Dieudo Hamadi. Hakuanza na kamera. Alisoma mambo ya tiba katika unive ya Kisangani. Baadaye aliingia kwenye mafunzo ya filamu, na mwaka 2010 yeye na mwenzake Divita Wa Lusala walitoa filamu fupi inayoitwa Dames en attente, juu ya akina mama waliojifungua Kinshasa na kuzuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuwa na pesa za kulipa. Hakuna mama wa Maniema anayehitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Halafu mwaka 2014 akatoa Examen d'État. Kila mwenye mtoto shuleni angepaswa kuiona hiyo. Inafuata wanafunzi wa Kisangani wanaofukuzwa darasani kwa sababu wazazi wameshindwa kulipa prime ya walimu. Vijana hao hawaendi kulala nyumbani. Wanatafuta nyumba ambayo haijamalizika kujengwa, wanaiita maquis, wanakaa humo kusoma pamoja usiku na mchana wakijitayarisha kwa Exetat. Kamera iko nao wanaposali, wanapogombana juu ya pesa, wanapohangaika kutafuta majibu kwa njia zote, hata zile zisizo nyoofu. Filamu hiyo haina mtalaamu wa kigeni anayeeleza Kongo ni nini. Ni watoto wa hapa, Kiswahili na Lingala vya hapa, shida ya hapa. Ilizunguka ulimwengu.

Mwaka 2020 filamu yake nyingine, En route pour le milliard, ilichaguliwa kwenye orodha rasmi ya festivali ya Cannes, Ufaransa. Humo kuna watu waliokatika miguu na mikono katika vita vya siku sita vya Juni 2000, pale majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Wanapanda mashua, wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mvua inawapiga juu ya maturubai, magongo yao yamelala kando, nao wanaimba. Filamu haikuwalipa. Ni Korti ya Kimataifa ya Sheria, mwezi wa Februari 2022, iliyoamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Lakini leo hakuna anayeweza kusema watu wale hawakuwepo, wala kwamba hawakuomba.

Sasa, mjomba angeuliza: huyo ni mmoja, na wengine? Wapo. Nelson Makengo alisoma kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, akatengeneza filamu fupi juu ya mitaa ya Kinshasa inayokaa gizani bila umeme, nayo ikapata tuzo Amsterdam mwaka 2019. Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alisoma Ubelgiji, akarudi kufundisha sinema Kinshasa, akatengeneza La Vie est belle pamoja na Papa Wemba mwaka 1987, na mwaka 1999 akashinda tuzo kubwa ya FESPACO, Ouagadougou. Upande wa foto, mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka na wapiga picha wa kigeni kushindwa kuingia, kazi iliyoitwa Congo in Conversation ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wakongo wenyewe, baadhi yao vijana wa mashariki kama Arlette Bashizi, Moses Sawasawa na Guerchom Ndebo. Picha za vita na za maisha ya Goma ambazo ulimwengu uliziona miaka hii, nyingi zimepigwa na watoto wa Kivu.

Hata hivyo si kila anayesoma filamu atafika Cannes, na mzazi asidanganywe hivyo. Wengi watafanya kazi ambayo jina lao halionekani: kameramani wa televisheni ya jimbo, mtu wa sauti, mtu wa montaji, mwandishi wa matangazo, mwenye studio ya ndoa na matanga, mpiga picha wa mashirika yanayogawa chakula na chanjo, mwalimu. Ndoa na matanga, watu wanadharau, lakini ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kijana wa Kindu anayejua kufanya video ya ndoa ikamalizika kwa juma moja, sauti ya mchungaji ikasikika na bibi arusi akaonekana mzuri, hakosi mteja msimu wa kiangazi. Yule anayechelewesha miezi mitatu na kusema kompyuta imeharibika, huyo ndiye aliyewafanya wazee wacheke.

Wapi pa kusoma? Hapo ndipo penye ugumu. Shule ya filamu ya ngazi ya unive haipo Punia wala Kindu. Kinshasa kuna Académie des Beaux-Arts, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1943, na kuna Institut National des Arts, INA, iliyoanzishwa mwaka 1967. Wenye kupenda upande wa habari wanakwenda ile ambayo wengi bado wanaiita IFASIC. Kisangani kuna unive yenyewe, na kuna Studios Kabako ya mcheza dansi Faustin Linyekula, ambayo tangu 2006 imefanya kazi na vijana wa mji huo katika dansi, muziki na video. Goma kulikuwa mlango mwingine: Yole!Africa, kituo cha Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wengi kamera bila kuwadai diploma. Lakini tangu M23 ichukue Goma mwezi wa Januari 2025, kumpeleka binti wa Maniema huko si jambo la kupanga leo.

Ingekuwa kosa, na wazazi wanalifanya, kuuza kiwanja au mbuzi wote ili mtoto aruke moja kwa moja mpaka Kinshasa bila kuwahi kushika kamera mwaka mmoja. Ndege, nyumba, chakula, pesa za kuandikishwa. Na huko mjini shangazi aliyeahidi kumpokea ana watoto wake saba. Wengi wamerudi kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika, na aibu ikawazuia hata kutaja neno kamera. Zaidi ya hapo kuna wale wanaotundika bango la "akademia ya sinema", wanakusanya dola, wanatoa karatasi yenye muhuri mkubwa, na karatasi hiyo haitambuliwi na wizara yoyote. Mzazi ana haki ya kuomba kuona kibali cha serkali kabla ya kutoa hata franka moja. Ana haki ya kuuliza: kamera ziko ngapi, wanafunzi wangapi? Shule yenye kamera moja kwa wanafunzi 60 inafundisha kutazama kamera.

Njia iliyo karibu na uwezo wa familia ya Punia ni ile ya Hamadi mwenyewe. Mtoto asome kwanza kitu kinachopatikana Kindu au Kisangani: lugha, sheria, mambo ya jamii, hata uuguzi. Kwa mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3. Katika miaka hiyo afanye staji kwenye redio, apige picha za ndoa siku za Jumamosi, aombe kila semina inayopita. Anayetoka hapo ana kitu cha kusimulia, na filamu bila kitu cha kusimulia ni umeme uliopotea bure. Muuguzi anayejua kamera atapiga picha ya hospitali ambayo mtu wa kamera peke yake hataiona kamwe. Anayetaka bado Kinshasa baada ya hapo, aende akiwa na kazi zake kwenye fleshi, si na ndoto peke yake.

Lakini kuna sababu nyingine ya kumwacha binti huyu asome, nayo ni nzito kuliko pesa.

Familia zilizokimbia vita zimepigwa picha sana. Wageni wanafika na gari, wanashuka, wanamweka mama mbele ya hema na mtoto mgongoni, wanasema asitabasamu, wanapiga, wanaondoka. Mama hajaulizwa jina. Hajui picha inakwenda wapi. Miezi inapita, anasikia kwa mtu wa simu kwamba uso wake uko kwenye karatasi ya mkutano fulani, na yeye hata nakala moja hana. Si wote wanafanya hivyo. Wapo wanaouliza, wanaoeleza, wanaorudi. Ni wachache.

Mwaka 1904, kule Baringa katika Ekwateri, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani na ilikuwa moja ya vitu vilivyomchafulia mfalme Leopold jina. Zaidi ya miaka 100 imepita na baba huyo bado anajulikana: Nsala, wa kijiji cha Wala. Anajulikana kwa sababu mpiga picha aliuliza jina lake na kisa chake, akaviandika. Ikiwa hilo liliwezekana mwaka 1904 kwa kamera ya wakati ule, mashirika ya leo yenye simu za bei kubwa hayana kisingizio.

Kwa hiyo mashirika yanayofanya kazi Punia, na serkali ya jimbo kule Kindu, yangefanya mambo mawili yasiyo magumu. Yawape kazi ya picha vijana wa hapa wanaoisomea, badala ya kuleta kameramani kwa ndege kutoka Kinshasa kwa siku mbili. Na kila picha iliyopigwa kwa mkimbizi, nakala yake irudi mkononi mwake, kwenye karatasi. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo kuliko mafuta ya gari lililomleta mgeni. Shirika la raia, ambalo linajua kuandika memorandumu juu ya barabara, liandike moja juu ya hili.

Kazi za kupiga hazikosekani. Yapo majengo ya zamani ya kampuni za bati, ambazo mwaka 1976 ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Wazee waliofanya kazi humo wanakumbuka kengele ya asubuhi, posho ya mchele, mpira wa Jumapili. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na baada yake mambo yakaenda yakizama. Wazee hao wanakufa mmoja mmoja. Kule Lubumbashi, Sammy Baloji alichukua picha za zamani za migodi, akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe za magofu ya Gécamines, na kazi hiyo iliyoitwa Mémoire imeonyeshwa katika makumbusho ya ulimwengu. Yeye na wenzake wakaanzisha kituo wakakiita kwa neno la Kiswahili ambalo hata mtoto wa Punia analijua: Picha. Hapa Punia magofu yako. Aliyekosekana ni mtu wa kuyaangalia.

Yule binti ameshaanza, bila kuambiwa. Familia nyingi zilikimbia bila kubeba picha hata moja ya watu wao waliokufa. Kilichobaki mfukoni ni kadi ya mpiga kura, na kadi nyingi zilizotolewa kwa uchaguzi wa 2023 zimefutika, uso unabaki kama moshi. Binti anaazima simu nzuri ya mwalimu wake, anaweka kadi kwenye mwanga wa asubuhi upande wa mlango, anaipiga mara nyingi akiigeuza kidogo kidogo, kisha anaongeza giza kwenye programu mpaka macho, pua na mdomo vinarudi. Anamlipa kijana wa sokoni mwenye mashine, anatoa karatasi. Watu wanatoka mitaa mingine kumtafuta. Wengine wanalipa kwa muhogo.

Juma lililopita mjomba alileta kadi yake mwenyewe aliyoifunga ndani ya kitambaa. Ilikuwa ya marehemu dada yake, mama wa binti. Hakusema kitu juu ya unive. Aliketi kizingitini kungoja, na picha ilipotoka aliishika kwa pembe mbili, akaitazama muda mrefu, akauliza kama inaweza kuongezwa ukubwa. Kisha akauliza Kisangani ni miaka mingapi, kodi ya chumba ni kiasi gani kwa mwezi, na kama kweli kuna mtu huko aliyeanza na tiba akaishia kwenye kamera. Binti akamwambia jina la Hamadi. Mjomba akalirudia mara mbili ili asilisahau, kwa sababu wazee wawili wa familia wanarudi Jumapili.